Studio ya kukodi karibu na Kibuye, Kisumu: ni taa ipi inayoushika mkono wa mpiga ngoma?

Kwa muda wa miezi minne nimeikodi mara sita studio moja ya picha iliyo ghorofa ya pili, mwendo wa dakika chache kutoka soko la Kibuye mjini Kisumu. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe hakuniomba nimtangazie biashara, na kwa sababu ninayotaka kuyaeleza yatamfaa mpiga picha yeyote anayekodi studio, awe Nakuru, Kakamega au hapa hapa Kisumu. Kazi yangu kubwa ni kuwapiga picha watu wanaocheza, wanaoruka na wanaopiga ngoma. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa studio yoyote halihusu ukubwa wa chumba wala wingi wa karatasi za mandhari, bali muda ambao taa zake huchukua kuwaka hadi kuzimika.

Swali hilo nililipata kwa hasara. Mwaka jana niliwapiga picha wachezaji wa isukuti, ngoma ya jadi ya Kakamega, katika studio nyingine, ambayo nayo siitaji, nikiwa nimeweka shata, yaani mlango unaoingiza mwanga ndani ya kamera, kwenye 1/200 ya sekunde na kuamini, kama nilivyofundishwa nilipoanza kazi hii, kwamba flashi husimamisha kila kitu. Nyuso zilitoka safi, lakini mikono ya wapiga ngoma ilitoka kama moshi: kiganja kimoja kilionekana vizuri hewani, kisha mkia wa rangi ya ngozi ukakifuata hadi kwenye ngoma. Kikundi kilikuwa kimesafiri kutoka upande wa Shinyalu kwa ajili ya picha za bango lao, na ilinibidi niwarudishie nusu ya malipo. Karatasi ya maelezo ya taa zile iliandika muda wa mmweko kuwa 1/800 ya sekunde. Nilikuwa nimeisoma karatasi hiyo kwa makini, ila sikujua namba ile ilikuwa inapima nini.

Ndani ya flashi ya studio mna kapasita inayojazwa umeme, na mna bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Unapobonyeza kitufe cha kamera, umeme uliohifadhiwa hupita katika gesi hiyo kwa ghafla, nayo hutoa mwanga. Mwanga huo hauwaki na kuzimika kama taa ya ukutani. Hupanda upesi sana hadi kileleni, kisha hushuka polepole, kama maji yanayotoka kwenye mtungi uliotobolewa chini: mwanzoni hububujika kwa nguvu, na kadiri mtungi unavyopungua ndivyo yanavyochuruzika. Ule mchuruziko wa mwisho ndio ulioniharibia kazi, kwa kuwa mkono wa mpiga ngoma haungojei taa imalize kuchuruzika.

Watengenezaji hupima muda wa mmweko kwa njia mbili. Kipimo cha kwanza, kinachoandikwa t0.5, huhesabu muda ambao mwanga unakuwa juu ya nusu ya kilele chake. Kipimo cha pili, t0.1, huhesabu muda ambao mwanga unakuwa juu ya sehemu moja ya kumi ya kilele. Kwa taa ya kawaida ambayo mwanga wake huachwa ushuke wenyewe, kipimo cha pili huwa takriban mara tatu ya cha kwanza. Hivyo taa iliyoandikwa 1/800 kwa t0.5 hufanya kazi, machoni pa mtu anayetaka kusimamisha mwendo, kama shata ya takriban 1/270. Jambo hili si dogo hata kidogo. Katika mshuko wa namna hiyo, karibu nusu ya mwanga wote hutoka baada ya taa kushuka chini ya nusu ya kilele, yaani nje ya muda ambao t0.5 inautaja, na mwanga huo wote huingia kwenye picha.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mtu anaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi. Chukua mkono unaoshuka kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo mpiga ngoma mzuri huifikia bila kutoka jasho. Katika 1/250 ya sekunde mkono huo husogea milimita 20, ambazo ni upana wa kidole gumba. Katika 1/1000 husogea milimita 5. Katika 1/5000 husogea milimita 1, na hapo ndipo kucha na mikunjo ya vifundo huanza kuonekana.

Sasa nirudi Kibuye. Studio ina taa za aina mbili. Nne ni kubwa, za kuchomekwa ukutani, za miaka mingi, na zimo ndani ya ada ya shilingi 1,500 kwa saa. Mbili ni za betri, mpya zaidi, na kila moja huongezewa shilingi 500 kwa saa. Wateja wengi niliowakuta pale huchukua zile nne kwa kuwa ni nyingi na hazina nyongeza, nao hawakosei, kwa maana picha za mahafali, za pasipoti na za maharusi waliosimama hazihitaji zaidi ya hapo. Mimi nilizichukua zote sita siku ya kwanza, nikaomba feni.

Feni ni kipimo bora kuliko karatasi yoyote ya mtengenezaji. Nilibandika kipande cha utepe mweupe chenye upana wa sentimita 1 kwenye ncha ya panga moja la feni ya mezani, nikaizungusha kwa kasi yake ya juu, nikazima taa za chumba na kupiga picha kwa kila aina ya taa na kwa kila kiwango cha nguvu, nikibadilisha tundu la lenzi ili picha zote ziwe na mwangaza ulio sawa. Kisha nilipima kwa rula, kwenye skrini, utepe ulivyorefuka. Taa kubwa ikiwa kwenye nguvu kamili iliurefusha utepe hadi sentimita 6 hivi. Nilipoishusha hadi 1/16 ya nguvu hiyo, ambacho ndicho kiwango chake cha chini kabisa, utepe ulipita sentimita 7. Ya betri ilinishangaza kwa upande wa pili: kwenye nguvu kamili ilikuwa mbaya kuliko zote, ikavuta utepe hadi zaidi ya sentimita 7, lakini kwenye 1/32 utepe haukuzidi sentimita moja na nusu, na kingo zake zilikatika kama zimekatwa kwa wembe.

Sababu imo katika namna kila taa inavyopunguza nguvu. Taa za zamani hupunguza volti zinazojazwa kwenye kapasita. Mtungi unajazwa nusu, lakini tundu ni lile lile, kwa hiyo mchuruziko unaendelea kuwa mrefu, na mara nyingi huwa mrefu zaidi. Zile za betri zina transista ya aina ya IGBT, ambayo huuacha mwanga upande hadi kileleni na kuanza kushuka, kisha huukata katikati kwa amri. Nguvu ikipunguzwa, mwanga hukatwa mapema zaidi, na mkia unabaki ndani ya kapasita badala ya kuingia kwenye picha. Kwenye nguvu kamili hakuna kinachokatwa, kwa hiyo mkia wote hutoka. Mtu anayekodi taa ya betri kwa bei ya juu kisha akaiweka kwenye nguvu kamili amelipia kasi ambayo hakuitumia.

Nilipokuwa nikipima, binti anayesimamia studio alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama picha mbili tatu, akasema, "Mzee, hizo kubwa usizipunguze ukitaka kushika mwendo. Ziache juu kabisa, uzisogeze nyuma." Ushauri huo una thamani kuliko taa zenyewe. Taa ya zamani huwa na kasi yake nzuri kabisa ikiwa kwenye nguvu kamili, kwa hiyo mwanga ukizidi, dawa yake ni kuongeza umbali au kufunga tundu la lenzi, si kugusa kitufe cha nguvu. Na umbali hufanya kazi kwa kanuni isiyobadilika: ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo, yaani stopu mbili chini, kwa kuwa kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu. Nimefanya kazi na wasimamizi wa studio katika miji mitatu, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia hivyo bila kuulizwa.

Hapa ndipo suala la mwangaza wa picha linapoingia, nalo ndilo linalowachanganya wengi niliokutana nao. Katika studio, kila picha ina mianga miwili inayopimwa kwa mizani mbili tofauti. Mwanga wa chumba hutegemea tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) na kasi ya shata. Mwanga wa flashi hutegemea tundu, ISO, nguvu ya taa na umbali wake. Kasi ya shata haimo, kwa sababu mmweko huanza na kwisha wakati shata iko wazi kabisa. Ukitoka 1/200 hadi 1/100, mwanga wa chumba huongezeka maradufu na ule wa flashi hubaki vile vile. Kwa hiyo anayepandisha shata kutoka 1/100 hadi 1/200 akitumaini kuushika mkono wa mchezaji hapati anachotafuta, ikiwa chumba ni giza: shata ya kweli ndani ya chumba cha giza ni muda wa mmweko.

Kanuni hiyo ina mipaka miwili, na yote miwili nimeigusa katika studio hii. Wa kwanza ni kasi ya ulinganifu wa kamera, ambayo kwa kamera nyingi zenye shata ya mapazia ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukiivuka, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na mmweko huangaza sehemu tu ya picha; nyingine hubaki kama utepe mweusi. Mpaka wa pili hautajwi mara nyingi. Ile taa ya betri, ikiwa kwenye nguvu kamili, huchukua muda mrefu kiasi kwamba shata ya 1/250 hufunga kabla mkia haujaisha. Nilipiga picha mbili za karatasi ya kijivu, moja kwa 1/125 na nyingine kwa 1/250, bila kugusa kitu kingine chochote, na ya pili ilikuwa na giza kidogo kuliko ya kwanza. Niliposhusha nguvu hadi 1/8 na kurudia, tofauti ilitoweka. Mpiga picha anayepima mwanga kwa mita ya mkononi kisha akaona picha zake zina giza bila sababu, aanzie hapo kutafuta.

Taa hizo za betri pia zina mtindo wa kuwaka kwa mipigo mingi midogo inayowezesha shata za 1/1000 na kuendelea. Niliujaribu mara moja nikauacha. Mwanga hupungua sana, na kinachosimamisha mwendo hapo ni pazia la shata linalopita, si mmweko.

Kikundi kilekile cha isukuti kilikubali kurudi, jambo ambalo nalishukuru, nacho kilikuja Kisumu kwa matatu kupitia Chavakali kikiwa na ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa hiyo picha inayoufanya mkono wa mpigaji kuwa moshi, machoni pangu, ni hasara kubwa kuliko malipo yaliyorudishwa. Mkono ndio ngoma. Namna kiganja kinavyokunjwa kabla ya kugonga, na mahali vidole vinapotua kwenye ngozi, ni mambo ambayo kijana anayejifunza atayatafuta kwenye picha siku ambayo hakuna mzee wa kumwonyesha.

Nilianza na taa moja ya betri ndani ya kisanduku kikubwa cha kitambaa, umbali wa mita 2. Kwenye nguvu kamili na ISO 100, kipimo changu cha mwanga kilinipa tundu la f/16 (namba hii ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Nguvu hiyo sikuitaka, kwa sababu nilizozieleza. Niliishusha hadi 1/32, ambayo ni stopu tano chini, na kipimo kikasoma f/2.8. Kwa tundu hilo, mpigaji mmoja angekuwa safi na ngoma ya mwenzake ingepotea kwenye ukungu, nami nilihitaji f/8 ili watu watatu waonekane vizuri. Stopu tatu zilikuwa zimepungua. Mbili nilizipata kwa kupandisha ISO hadi 400, ambayo kamera za siku hizi huibeba bila shida. Ya tatu niliipata kwa kuisogeza taa kutoka mita 2 hadi mita 1.4. Kusogea huko kuliwafanya watatu wabanane kidogo, na kulileta tatizo la mpigaji aliye pembeni kupata mwanga hafifu kuliko wa katikati. Nililitatua kwa taa ya pili ya betri upande wa pili, nayo ikiwa kwenye 1/32. Taa mbili zenye nguvu ndogo zikielekezwa mahali pamoja hutoa mwanga wa taa moja yenye nguvu maradufu, lakini hubaki na kasi ya ile ndogo. Hiyo ndiyo sababu ningemshauri mtu alipe shilingi 1,000 za nyongeza kwa zote mbili kuliko kulipa 500 kwa moja na kuisukuma hadi juu.

Kabla ya kupiga picha ya kwanza nilifanya jambo ambalo sasa silisahau kamwe: nilipiga picha moja bila flashi, kwa 1/200, f/8 na ISO 400, ili nione kama chumba kinaingia. Kiliingia. Dirisha kubwa la studio linaelekea magharibi, upande wa ziwa, na kuanzia saa kumi jioni jua hupenya pembeni mwa pazia na kuangukia sakafuni kama mstari mweupe. Mwanga huo huwaka kwa muda wote ambao shata iko wazi, hivyo hata mmweko uwe mfupi namna gani, jua litachora kivuli cha pili cha mkono juu ya ule uliosimama. Tuliliziba dirisha kwa shuka mbili na gundi ya karatasi, tukapiga tena, na picha ikatoka nyeusi kabisa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya studio, na nimemwambia mwenyewe: pazia zito la upana wa dirisha zima lingewafaa wateja kuliko taa ya saba.

Mwenye ngoma kubwa aliniruhusu kunyunyiza unga wa mahindi kidogo juu ya ngozi. Tulizima taa za kuelekezea, zile ndogo zinazowaka muda wote ndani ya flashi, na kuzifunika flashi kwa kitambaa wakati wa kunyunyiza, maana vumbi na joto la taa havipatani. Alipogonga, unga uliruka, nami nikabonyeza. Picha ya nne ndiyo niliyoichagua. Ndani yake chembe za unga zimesimama hewani moja moja, zikiwa na kingo zake, na chini yake vidole vinne vimegusa ngozi huku gumba likiwa bado limeinuliwa. Ukivuta picha karibu utaiona ngozi ya ngoma imebonyea kuzunguka kila ncha ya kidole. Mzee wa kikundi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe na kuupanga kama ulivyo pichani.

Yapo mambo mengine madogo ya kumjuza anayetaka kukodi. Rangi hubadilika taa ikibadilishwa nguvu: zile kubwa za zamani huelekea manjano zinapopunguzwa, na zile za betri huelekea buluu kadiri mmweko unavyokatwa mapema. Kwa hiyo usichanganye aina mbili kwenye uso mmoja bila kupiga picha ya karatasi ya kijivu kwanza ili ulinganishe rangi. Za betri zilivumilia saa mbili na nusu za kazi yangu kwa nguvu ndogo bila kubadilishwa betri, na umeme ulipokatika kwa dakika arobaini hatukusimama, ilhali aliyekodi chumba cha jirani alilazimika kungoja. Triga ya studio, kifaa cha juu ya kamera kinachoziamuru taa ziwake, ni nzuri, ila njoo na betri zako ndogo za akiba. Ngazi ni nyembamba na hakuna lifti, nayo ngoma kubwa ni nzito. Ongeza robo saa kwenye muda unaoulipia. Unga ulitugharimu shilingi 300 za usafi, na ilikuwa haki.

Malalamiko yangu ya mwisho yanahusu karatasi iliyobandikwa ukutani yenye sifa za taa. Kwa kila taa imeandikwa namba moja tu ya muda wa mmweko, bila kusema kama ni t0.5 au t0.1, wala ni kwa kiwango kipi cha nguvu. Binti anayesimamia anajua tofauti na ataieleza akiulizwa, lakini mteja mgeni hajui kwamba kuna la kuuliza. Nilimwachia picha zangu za feni, zote kumi na moja, kila moja ikiwa na jina la taa na kiwango cha nguvu chini yake. Nilipopanda ngazi zile mara ya sita, wiki iliyopita, nilizikuta zimebandikwa mahali karatasi ile ilipokuwa.